Mpaka Barabara Imalize Kupita

Jumanne, tarehe 15 Juni 2021, kulipambazuka na ukungu. Milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa haikuonekana, na upepo wa kusini, ule wa kiangazi, ulisukuma vimawimbi mpaka kwenye mizizi ya matete. Jua lilipopanda kidogo ukungu ukaondoka, na wanawake wa Katumbwe wakateremka ufukweni na mabeseni yao kuwapokea wavuvi waliokesha ziwani.

Mama Charlotte alikuwa miongoni mwao. Mwanawe Evariste alifunga mtumbwi, akammwagia ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndani ya beseni, naye mama akaongeza maji ya ziwa juu yake, kwa sababu alipenda samaki wafike nyumbani wakiwa bado wanang'aa. Akazungusha ngata ya kitambaa kichwani, akajitwisha, akashika kijia cha kupanda.

Katumbwe kilikuwa kijiji chembamba, ukitoka Uvira kabla hujafika Makobola. Upande mmoja mlima, upande mwingine maji, na katikati njia ya udongo ya kwenda Fizi. Kutoka kwenye nyumba mpaka ufukweni palikuwa na kijia kimoja tu, upana wa mtu mmoja, kati ya matete na miwa. Watu wawili wakikutana hapo, mmoja alipaswa kupisha. Kwa hiyo watu wa Katumbwe walikuwa na adabu yao ya kupisha, na mtoto alifundishwa adabu hiyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Anayepisha aliingia majanini, akageuza uso kuelekea ziwani ili asichungulie mzigo wa mwenzake, akasimama. Aliyepita, akishapita, alisema bila kugeuka, "Nimepita." Hapo ndipo yule wa majanini aliporudi njiani.

Jambo moja lilikatazwa: kutua mzigo wakati wa kupisha. Anayetua amefika, ndivyo walivyosema. Mwanamke aliyetua beseni lake majanini alichekwa mpaka mvua nyingine, watu wakimuuliza huko kwenye matete amejenga vyumba vingapi, na kama anapangisha.

Sasa, wakati wa mvua zilizotangulia, kijana mmoja aitwaye Fiston, mzaliwa wa Luvungi na mkalimani wa kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, alisimama mbele ya kanisa akiwa na kipaza sauti. Nyuma yake alisimama mhandisi mwenye kofia ya njano. Fiston alizungumza Kiswahili safi, cha shule. Alisema, "Wazazi wetu, tunawaomba mpishe barabara."

Ombi hilo liliwapendeza watu. Walikuwa wamesikia kwamba mahali pengine mashine zilifika tu, bila hodi. Hapa barabara kubwa, yenye lami na mawe na magari yake yote, ilikuwa imejishusha ikaomba njia kama mwanamke mwenye mzigo. Nani angekataa? Pastere Ezéchiel, mchungaji wa kanisa hilo, aliinuka akauliza kama itachukua muda mrefu kupita. Fiston akamgeukia mhandisi, wakasemezana Kifaransa, kisha akajibu kwamba itachukua mwaka na nusu. Watu wakatazamana. Ilikuwa barabara ndefu, na mwaka na nusu haukuwa mwingi kwa barabara ndefu kiasi hicho. Wakanyoosha mikono kukubali. Pastere akaomba Mungu aijalie barabara ipite vizuri, isimkanyage mtu.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumanne watu wa Katumbwe waliondoka kama watu wanaopisha. Walifunika makaa kwa majivu ili moto usizimike. Walipindua vinu. Evariste aliacha wavu wake wa zamani ukining'inia kwenye kigingi, kwa kuwa alikusudia kuushona siku atakaporudi. Bibi mmoja aliacha maharagwe yameloweshwa.

Mama Charlotte alikutana na katapila pale kijia kinapotokea kwenye nyumba. Aliingia majanini, akageuza uso kuelekea ziwani, akasimama. Katapila likapita. Lilipita kwenye jiko la kanisa, likapita kwenye nyumba ya jirani yake Clovis, likapita kwenye nyumba ya Mama Charlotte mwenyewe, ambayo ilikuwa na vyumba viwili na mti wa mpera mbele ya mlango. Dereva alikuwa ameziba masikio kwa vile vifuniko vyao, na hakusema neno. Mama Charlotte alingoja. Likaja katapila la pili, likapita, nalo halikusema. Adhuhuri yalikuja malori ya kuchukua watu, akaambiwa apande, akapanda na beseni lake kichwani.

Mahali walipopelekwa palikuwa juu mlimani, ambako ziwa linaonekana kama kipande cha bati. Kampuni ilipaita kwa jina refu la Kifaransa. Watu walipaita Mabatini, kwa sababu kuta zilikuwa za mabati, paa za mabati, na milango pia ya mabati, yote imekatwa kwa kipimo kimoja. Katikati palisimama bomba la maji, limepakwa rangi ya buluu, zuri sana. Maji yenyewe, walisema wenye kazi, yangefuata.

Laurette, mke wa Evariste, alikuwa ametangulia kufika na vyombo. Alimwendea mama mkwe wake na kunyoosha mikono ili amtue. Beseni halikutoka. Alishika tena, akainua kwa nguvu, na aliyeinuka ni Mama Charlotte mwenyewe, ambaye nyayo zake ziliachana na ardhi kidogo kisha zikarudi. Wakaja wanawake wengine wawili. Akaja Evariste. Mwisho akaja Pastere Ezéchiel, akaweka mkono kwenye ukingo wa beseni, akaomba kwa muda wa kutosha, akaondoa mkono. Mkono wake ulikuwa umelowa na ulikuwa na mchanga.

"Shingo inauma?" Pastere aliuliza.

"Hapana," Mama Charlotte alisema. "Iko nzito tu namna ya siku zote."

"Basi tungojee," alisema Pastere, na watu wakaenda kuchagua nyumba kabla jua halijazama.

Mlango wa nyumba waliyopewa ulikuwa mfupi. Mama Charlotte akisimama wima, beseni liligonga bati. Kwa siku za kwanza aliingia kwa kuchuchumaa, akisogea kama kuku anayeatamia. Baadaye Evariste aliazima mkasi wa mabati, akakata juu ya mlango kipande cha ukubwa wa beseni. Msimamizi wa kampuni alipokuja kukagua alisema nyumba hiyo sasa haifanani na mchoro. Evariste alikubali kwamba haifanani. Msimamizi akasimama kidogo, kisha akaendelea na nyumba nyingine.

Usiku Mama Charlotte alilala ameketi, mgongo ukiegemea ukuta. Kanisani, chini ya turubai, wengine walipoinamisha vichwa wakati wa maombi yeye hakuweza kuinamisha, kwa hiyo aliomba akiwa ameinua uso, na Pastere alisema Mungu hadai shingo ya mtu. Pastere mwenyewe alikuwa mwangalifu katika maombi yake. Hakusema hata mara moja, "Bwana, tunakushukuru umetufikisha." Alisema, "Bwana, utufikishe."

Laurette ndiye aliyegundua kilichokuwa ndani ya beseni. Alipanda kwenye kigoda ili atoe ndagala kabla hawajaoza, akachungulia, akaona ndagala wanaogelea. Chini yao palikuwa na mchanga. Upande wa magharibi wa beseni palikuwa na matete, na kati ya matete kijia, na mwisho wa kijia mti wa mpera. Vimawimbi vilikuwa vikipiga ukingo mmoja, ule wa upande wa upepo. Laurette aliita watu wachache. Wakaja, wakachungulia kwa zamu, wakasema, ndiyo, ni Katumbwe.

Laurette akachovya kikombe, kwa kuwa lile bomba la buluu lilikuwa bado linangoja maji yake na mto ulikuwa mbali. Kikombe kilitoka kikavu. Akachovya tena kikatoka kikavu.

"Usijisumbue," Mama Charlotte alimwambia kutoka chini ya beseni. "Iko bado njiani. Kitu cha njiani hakinyweke."

Tangu hapo watu walizoea kuja jioni, baada ya kutoka mashambani na kabla ya ugali. Mama Charlotte aliketi nje, kigoda kikawekwa kando yake, na kila mtu akapanda akatazama kidogo. Kila mmoja aliona kwake. Clovis aliona sehemu alipokuwa akilaza mtumbwi wake. Pastere aliona ile rimu ya gurudumu iliyokuwa ikigongwa kuita watu kanisani, bado inaning'inia, na wakati mwingine, upepo ukiwa mzuri, aliisikia. Giza likianza, taa za wavuvi zilionekana ndani ya beseni, ndogo kama vimulimuli, zikisogea polepole kuelekea vilindini. Siku za mwezi mpevu taa hazikuwaka, kwa sababu siku hizo wavuvi hawaendi ziwani, na watu wakarudi majumbani mapema.

Mtu mmoja hakuwa wa Katumbwe. Aliitwa Consolate, mkulima Mkatoliki wa Kirundi, mjane, aliyeletwa na lori jingine kutoka uwanda wa Ruzizi, upande wa Katogota, ambako barabara ileile ilikuwa imechukua mashamba. Kampuni iliwaweka pamoja. Consolate alipopanda kigodani mara ya kwanza alitazama muda mrefu, kisha akasema anaona mpunga wake umeinama, uko tayari kuvunwa, na ndege wameanza kuushambulia.

"Weye!" alisema Clovis. "Hata mu ziwa unaona muchele?"

"Na weye hata mu muchele unaona samaki," Consolate alijibu. "Sogea, nifukuze ndege."

Akapunga mkono juu ya maji, na ndani kabisa, mbali, kitu cheupe kiliruka.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Lakini waliishi kama watu waliosimama majanini. Walipanda mboga za lengalenga na maharagwe, vitu vya kuvunwa upesi. Hawakupanda migomba, kwa kuwa mgomba ni wa mtu aliyefika. Hawakuchimba msingi wa jiko. Wanawake walipika kwenye mafiga matatu ambayo hayakuzikwa hata kidogo ardhini, na chungu kiliyumba. Mwisho wa mvua za kwanza, Clovis alipanda mgomba mmoja nyuma ya nyumba, na asubuhi habari ilikuwa imefika kila mlango: Clovis ametua. Watu walimsalimia kwa kumuuliza kama amejenga vyumba vingapi, na kama anapangisha. Alicheka nao, lakini mgomba hakuung'oa.

Laurette alitaka kuwa kama Clovis. Alikuwa na mimba, na alitaka jiko lenye msingi na mgomba nyuma ya nyumba kabla ya mtoto kuja. Evariste alikuwa akishuka ziwani kwa miguu kila alasiri na kupanda tena asubuhi, na ndagala aliowaleta walifika wamekwisha lainika, wanunuzi wa Uvira wakiwa wameondoka. Laurette aliwaanika kwenye udongo mwekundu, kwa kuwa mchanga haukuwepo, na waliokula walisema wana ladha ya tofali. Alivumilia. Alikuwa mke mwenye heshima. Lakini jioni moja, watu wa kigodani walipokwisha kuondoka, alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, tua," alisema. "Tumefika. Hata kama ni pabaya, ni hapa tumefika."

"Nani alikuambia tumefika?"

"Hakuna mutu. Naona kwa macho."

"Minye nilipisha," alisema Mama Charlotte. "Mutu mwenye alipisha, anangojea neno. Nikitua hapa, ile mupera ya kwetu iko ya nani?"

Mpera ulikuwa umeng'olewa siku ile ile, wote waliuona ukiviringishwa na katapila. Na wote waliuona kila jioni ndani ya beseni, umezaa. Laurette aliondoka akaenda kusawazisha chungu kilichokuwa kikiyumba.

Mtoto alizaliwa, wa kike, akaitwa Providence. Bibi yake alimpakata ameketi wima, na matone yaliyoruka kutoka kwenye beseni siku za upepo yalimwangukia mtoto usoni, naye akacheka. Pastere alipotaka kumbariki na kumwombea, Mama Charlotte aliuliza kama kuna haja, maana mtoto amekwisha kulowa. Pastere alisema haja ipo.

Mwaka na nusu ukatimia wakati wa mvua za Desemba. Mama Charlotte alivaa kitenge chake cha kanisani, akaomba Laurette na Pastere wamsindikize, na wakashuka mpaka barabarani.

Barabara ilikuwa nyeusi, pana, laini. Mahali pa Katumbwe palikuwa na mfereji wa zege na kibao cha kuonyesha kona. Mama Charlotte alisimama kando, majanini, uso kuelekea ziwani, ili kama neno linakuja lisimkose. Malori yakapita kuelekea mji wa Baraka. Pikipiki zikapita, na waendeshaji wakapiga honi, na mmoja akamuuliza mama kama ndagala wake anauza bei gani. Lori la mafuta likapita. Hakuna lililosema.

Wakaenda mpaka kambi ya kampuni, wakamkuta Fiston ameketi chini ya banda akila mkate na chai. Aliinuka akawapa viti. Alilitazama beseni, akasogeza kiti cha Mama Charlotte mbali na waya wa umeme uliokuwa ukining'inia chini.

"Mwanangu," alisema Mama Charlotte, "ulisema tupishe, na tulipisha. Ile mwaka na nusu imeisha. Barabara imepita ao haiyapita?"

Fiston alitabasamu, akidhani ni utani wa wazee, kisha akaona kwamba Pastere hatabasamu. Akauliza mama anamaanisha nini. Pastere akamweleza habari ya kijia, na matete, na uso kuelekea ziwani, na neno linalosemwa. Fiston alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Alisema kwao Luvungi hawana adabu hiyo. Huko njia ni pana, kila mtu anapita upande wake. Alisema karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kifaransa, na ilisema kwamba watu waondoe nyumba zao. Aliona aibu kusimama mbele ya wazee na kuwaambia, ondokeni.

"Nilitafuta neno la heshima," alisema.

"Ulilipata," alisema Mama Charlotte. "Lilikuwa neno zuri. Kwa sababu ya neno lile ndiyo tulinyosha mikono."

Mvua ilianza kunyesha juu ya banda, na ndani ya beseni pia, ingawa beseni lilikuwa chini ya banda.

Laurette akamgeukia Fiston. Alisema, "Basi weye useme. Sema imepita, mama atue, twende."

Fiston akafungua kinywa. Mama Charlotte akamzuia kwa mkono.

"Si weye ulipita, mwanangu. Utasema uongo bule."

Fiston akakubali kwamba si yeye aliyepita. Aliwaza, kisha akasema kwamba kiangazi kijacho barabara itazinduliwa rasmi, na atakuja mkubwa mmoja kutoka mbali, ambaye ndiye mwenye sauti juu ya barabara yote. Huyo anaweza kusema kwa niaba ya barabara. Yeye Fiston ndiye atakayetafsiri, na anaahidi kuuliza swali la mama kama lilivyo, neno kwa neno. Mama Charlotte alimshukuru. Wakapanda mlima katika mvua, na Laurette alitembea nyuma akiiangalia ile shingo. Ilikuwa imekuwa nyembamba, na mishipa yake ilijitokeza kama kamba za mtumbwi uliofungwa. Kwa mara ya kwanza alijiuliza itakuwaje mama akifa bado hajaambiwa neno, na kama jeneza lingeweza kutengenezwa kwa umbo hilo.

Miezi iliyofuata Mabatini palikuwa na tumaini. Watu walikuja kigodani wakakaa muda mrefu zaidi. Walizungumza kuhusu nani atafagia kanisa kwanza, na kama wavu wa Evariste utakuwa umeliwa na panya. Pastere alihubiri juu ya wana wa Israeli, kwamba hata wao walikaa kwenye mahema muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Hata Clovis alianza kusema kwamba mgomba wake unaweza kuhamishwa, ukichimbwa na udongo wake. Kila mtu alijua kwamba neno moja likisemwa, beseni litashuka, na likishuka Katumbwe itakuwa na mahali pa kuwa. Hakuna aliyesema ni vipi. Walimwachia Mungu sehemu hiyo.

Siku ya uzinduzi ilifika mwezi wa saba. Palikuwa na mahema meupe, viti vya plastiki, utepe, na kwaya ya akina mama iliyovaa kitenge cha aina moja. Watu wa Mabatini walishuka wote, Consolate akiwa na rozari yake mkononi, Laurette na Providence mgongoni. Walisimama kando ya lami, hapo hapo ambapo kijia kilikuwa kikitokea. Mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikata utepe, akahutubia kwa Kifaransa, na Fiston akatafsiri. Kisha akauliza kama wakazi wana neno.

Mama Charlotte akatoka mbele. Mkubwa alilitazama beseni, akadhani ni zawadi ya samaki, akatikisa kichwa kwa shukrani.

"Baba," alisema Mama Charlotte, "sisi ni watu wa hapa. Barabara ilituomba njia, tukapisha. Tunauliza tu kama imemaliza kupita."

Fiston alitafsiri neno kwa neno, kama alivyoahidi. Mkubwa akainamisha sikio, akasema irudiwe. Ikarudiwa. Aliwaza kidogo, na uso wake ukalainika, kwa kuwa alikuwa ameelewa: mama huyu mzee anaogopa kwamba barabara itafungwa, au itaachwa iharibike kama nyingine zote. Alishika mkono wa Mama Charlotte kwa mikono yake miwili. Akaongea kwa moyo wote, na wapiga picha wakasogea.

Fiston hakutafsiri mara moja. Alitazama chini kwenye lami, akatazama matete, na kwaya ikadhani amesahau. Hatimaye akainua kipaza sauti.

"Mheshimiwa anaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema. "Barabara hii haitamaliza kupita. Itapita leo, itapita kwa watoto wenu, itapita kwa wajukuu wenu. Hatakubali ikome kupita hata siku moja."

Watu walipiga makofi, kwa maana ahadi hupigiwa makofi. Kwaya ikaanza wimbo. Mkubwa akaachia mkono wa Mama Charlotte, akaingia garini, na magari yakaondoka kuelekea Uvira, moja baada ya jingine, yakipita.

Mama Charlotte alirudi nyuma, akaingia majanini, akageuza uso kuelekea ziwani. Ziwa lilikuwa palepale, upepo wa kusini ukilisukuma, na ndani ya beseni vimawimbi vilipiga upande uleule. Evariste aliketi kwenye ukingo wa mfereji wa zege. Clovis alisema kwa sauti ndogo kwamba mgomba wake utazaa mwaka huu, na hakuna aliyemcheka.

Laurette alimfungua Providence mgongoni, akampa Consolate ampakate. Akachuma majani marefu ya matete, akayasokota vizuri, akaunganisha mwisho na mwanzo mpaka yakawa ngata. Akaivaa kichwani, akairekebisha, akaingia majanini, akasimama karibu na mama mkwe wake, bega kwa bega, akatazama maji.

"Pastere, usikie," alisema, na sauti yake ikawafikia wote, hata waendesha pikipiki waliokuwa wamesimama kutazama. "Na weye Fiston, usikie. Mama, siku utachoka, utaniwekea minye. Sitatua mpaka barabara inipite na iseme."